Shilingi Tano ya Baba Kwenye Filamu ya Vita

Nilisimamisha filamu ile mara sita, na mara zote sita haki ilikuwa yangu. Naliweka hili mezani mapema, maana mpaka leo wapo watu Bukoba ambao wakiniona sokoni wananong'ona, "Ndiye huyo mwalimu aliyewatoa jasho watu wa filamu." Jasho walikuja nalo wenyewe. Mimi nilisema tu kwamba mtu hawezi kununua chumvi mwaka wa vita kwa noti yenye sura ya rais ambaye alikuwa bado hajawa rais.

Niwaeleze kwanza walikuwa akina nani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ugonjwa ulikuwa umetukaba koo mkoa mzima. Kila Jumamosi tulikuwa msibani, na misiba ikigongana tuligawana kama zamu za shule: wewe nenda Nyanga, mimi niende Hamugembe, jioni tupeane habari. Wafadhili wakaja, kila mmoja na gari lake na semina yake. Tulifundishwa kufa tusife katika kumbi zote za mji, tukapewa soda na kalamu. Mfadhili mmoja akaona semina hazitoshi, akasema watu wa Kagera wanahitaji filamu. Ndipo wakaletwa vijana saba kutoka Dar es Salaam na kamera moja.

Mwongozaji wao alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kizibao chenye mifuko kumi na miwili ambayo sikuwahi kumwona akitia kitu hata katika mmoja. Alikuwa na adabu, sikatai. Kila asubuhi "shikamoo mwalimu", ingawa mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane na yeye alikuwa amenizidi. Nadhani alidhani mwalimu huamkiwa hivyo kwa sheria.

Filamu yenyewe ilihusu kijana wa Kihaya aliyeachwa na baba yake wakati wa vita vya Uganda, akakua, akaingia kwenye magendo, akapata fedha, fedha ikampatia wanawake, wanawake wakampatia ugonjwa, na mwishoni nesi mrembo akamshauri. Ilivyoandikwa, ungedhani ugonjwa ulikuja mfukoni pamoja na chenji. Lakini walitaka mwanzo wa hadithi uonekane wa mwaka sabini na nane kwelikweli, na mchungaji wetu wa Kilutheri, ambaye nyumba ya wageni ya usharika ndiyo waliyolala, akawaambia: kuna mwalimu wa hesabu hapa Hamugembe, huyo hasahau kitu. Kwa maneno hayo mchungaji alijitafutia matatizo, na mimi pia.

Siku ya kwanza nilialikwa chakula cha mchana. Tukala ndizi na maharage, nao wakaniuliza vita vilianzaje kwetu. Nikawaambia ukweli, kwamba kwetu Izimbya vita vilianza na lori la ushirika lililokuja kubeba wanaume badala ya kahawa. Baba yangu alikuwa mgambo. Aliitwa asubuhi, saa sita lori likawa barabarani. Alitukuta mimi na mdogo wangu wa kiume pale kibanja chetu cha migomba kinapoishia, akaingiza mkono mfukoni, akatupa kila mmoja sarafu ya shilingi tano, zile kubwa za pembe pembe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu tisa. Baba akasema, "Mkinunua, nunueni kitu cha maana." Akapanda lori. Wenzake walisema walimwona mara ya mwisho ng'ambo ya Masaka. Hatukuletewa mwili, wala barua, wala kofia.

Watu wa filamu waliacha kula. Mwongozaji akavua miwani, akaifuta. Asubuhi yake nikakuta mambo yote yale yameingia kwenye karatasi zao: baba, lori, kibanja, sarafu. Hawakuniomba, walinipa tu cheo. Nikawa mshauri wa mambo ya kale, kwa posho ambayo sitaitaja kwa sababu inanitia aibu kwa udogo wake.

Kitu ambacho sikuwaambia mezani ni kwamba sarafu yangu haikumaliza wiki. Nilinunua bangili tatu za plastiki, kioo cha mkononi na pipi. Mama alipojua, alinitazama tu, kisha akamwita mdogo wangu na kumwuliza yake iko wapi. Mdogo wangu akaleta kopo la rangi ya viatu, akalitikisa, likalia. Basi! Tangu siku ile nilikuwa nimeshindwa. Kila Krismasi Mama alisema, "Lete tumsikie baba yenu," na mdogo wangu analeta kopo, analitikisa mbele ya wageni, wanawake wanafuta machozi, na mimi nawapelekea wageni kahawa ya kutafuna huku nikitamani ardhi inimeze. Nikichelewa kutoka shuleni, naambiwa mwenzako katunza shilingi ya baba yake. Nikivunja chungu, naambiwa mwenzako katunza shilingi ya baba yake. Nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu, Mama alifurahi, akapika, akawashukuru wageni, akamaliza kwa kusema mdogo wangu ndiye aliyetunza shilingi. Nilikasirika miaka kumi na minne, na hasira hiyo sikuwa na pa kuipeleka, maana kosa lilikuwa langu.

Nadhani ndiyo niliyowashushia watu wa filamu.

Walipiga picha Nyanga, kwenye nyumba ya zamani katikati ya migomba. Mara ya kwanza niliyosimamisha ilikuwa dukani. Mama wa kwenye filamu anatoa noti ya mia tano kununua sabuni. Nikasema, "Simamisheni!" Mwaka ule noti kubwa kuliko zote ilikuwa mia, na aliyekuwa nayo hakuitoa mbele za watu. Mwongozaji akasema, "Mwalimu, nani ataona?" Nikamwambia, "Bukoba nzima itaona. Watu hapa wamekuwa wakitazama noti zikiondoka maisha yao yote."

Mara ya pili ilikuwa askari wa adui. Ananunua kuku. Hapo kwanza palikuwa na kosa la kununua, maana askari wale hawakuja sokoni na vikapu. Lakini niliachia hilo. Kilichonishinda ni kwamba alilipa kwa noti ya Kenya. Waliniambia hawakupata ya Uganda. Nikauliza, sasa Kenya imeingiaje vitani? Mpiga picha akacheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi warudie, kwa noti ileile.

Mara ya tatu ni mlanguzi aliyefungua sanduku limejaa noti mpya, ngumu, zinalia kama majani makavu. Noti za wakati ule zilikuwa laini kama tambara la kuoshea vyombo, zinanuka samaki na mafuta ya taa. Nikawafundisha jinsi ya kuzilegeza: unazikunja, unazikalia, unazitia kwapani siku mbili. Vijana saba wa Dar wakakaa siku mbili na fedha ya mfadhili kwapani, na noti zikalegea, lakini sura ilibaki ya rais yuleyule wa pili. Afadhali kidogo, angalau zilinuka ukweli.

Ya nne na ya tano nimezisahau, au labda ndiyo siku niliyokuwa na homa.

Ya sita ilikuwa ya baba. Mwigizaji, bwana mmoja mnene kutoka Temeke aliyetembea kwa kuogopa nyasi, anasimama mahali kibanja kinapoishia, anaingiza mkono mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa moyoni. Anatoa sarafu. Wanasogeza kamera. Nami naiona: shilingi ishirini! Ya juzi juzi, yenye ndovu na mwanawe. Sikusema "simamisheni" safari hii. Nilitembea tu mbele ya kamera, nikaichukua ile sarafu mkononi mwa yule bwana, nikamwambia mwongozaji, "Hii haikuwepo. Na baba yangu hakunipa ndovu."

Mwongozaji akasema kwa upole, "Basi tupe ile yenyewe, mwalimu."

Sasa nifike kwa mdogo wangu. Wakati huo alikuwa amerudi nyumbani Izimbya kutoka visiwa vya Muleba, alikokuwa akinunua dagaa na sangara kwa wavuvi na kuwapeleka sokoni. Alirudi na mkeka, ndoano moja, redio isiyo na betri na sweta ambalo zamani lilimbana. Hatukuulizana. Miaka ile ulikuwa hauulizi, ulikuwa unaangalia mtu anavyokaa kwenye kiti. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa bado mcheshi kutuzidi wote. Alikuwa akisema amekondeana ili apite kwa urahisi kwenye migomba.

Nilikwenda Jumapili nikamweleza Mama mbele yake kwamba watu wa filamu wanaomba kuazima shilingi ya baba. Mama akatikisa kichwa. "Chonka waitu, jamani, ile haitoki humu." Nikadhani yamekwisha. Mdogo wangu ndiye aliyesema, haraka mno, "Waacheni waichukue. Hata wakikaa nayo."

"Unaumwa wewe," nikamwambia.

"Naumwa ndiyo," akasema. "Wapeni."

Akaingia ndani, akatoka na kopo, akaniwekea mkononi bila kulitikisa. Mama hakuweza kumkatalia kitu siku zile. Nikaondoka na kopo kwenye mkoba, nikalishikilia njia nzima kana kwamba ndani kuna yai. Kwenye picha nililifungua mwenyewe. Ndani ilikuwemo: kubwa, ya pembe pembe, sura ya rais wa kwanza upande mmoja. Nikampa bwana wa Temeke. Akaitoa mfukoni, akampa mtoto, mimi nikalia vizuri kabisa nyuma ya mgomba, na mwongozaji akasema ndiyo picha bora aliyopata kupiga maishani.

Kisha wakaondoka nayo.

Walisema wanahitaji kuipiga kwa karibu sana kwa lenzi iliyoko Dar, wiki mbili tu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimelewa sifa. Mimi niliyepigana na noti ya mia tano, niliwaacha watu saba wapande meli na baba yangu.

Mwezi huohuo mdogo wangu akaacha kutoka nje. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, akaja na panga lake, akakaa na Mama sebuleni, wakaniita. Alisema neno ambalo wote tulikuwa tukilijua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Kwetu mtoto hatangulii kulala kibanjani kabla ya baba yake. Baba hana kaburi. Kijana akiondoka sasa, atalala peke yake, atakuwa kama amemfukuza baba. Kwa hiyo ni lazima baba azikwe kwanza, na upesi.

Mtu ambaye mwili wake haukurudi, kwetu huzikwa mgomba. Unakatwa shina zuri, linavishwa gome la mti, lile vazi la lubugo, linalazwa kaburini kama mtu. Lakini hulazi shina tupu. Ni lazima liende na kitu kilichotoka kwa marehemu mwenyewe, nguo yake, au fimbo, au kiko. Na sisi nguo za baba tulizivaa. Miaka ile baada ya vita ilikuwa ya uhaba, hata mapazia tulivaa. Shati lake la mwisho lilikwisha mgongoni mwa mdogo wangu, tukalisugulia vyungu. Kilichokuwa kimebaki duniani kutoka mkononi mwa baba kilikuwa kimoja, na kilikuwa Dar es Salaam, kinapigwa picha.

"Ilete," Mama akasema.

Nikaanza kazi. Niliandika barua. Nilipiga simu posta, nikipanga foleni na watu wanaoarifu misiba, nikaona haya kusema yangu ni ya shilingi tano. Katibu wa ofisi ile ya filamu akaniuliza, "Dada, unafuatilia shilingi tano? Tukutumie mia?" Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikapeleka simu ya maandishi: RUDISHENI SARAFU BABA ANAZIKWA. Wakajibu kwa simu ya maandishi: POLE KWA MSIBA. Walidhani baba amekufa wiki ile. Hatimaye mwongozaji mwenyewe akapiga simu kwa mchungaji, akaahidi kuileta kwa mkono wake siku ya kuonyesha filamu, Jumapili ya tatu.

Tukayapanga maziko Jumanne ifuatayo. Baba mdogo akachagua mgomba. Kila nilipokwenda Izimbya nilimkuta mdogo wangu amepungua tena kidogo, na kila nilipomwambia usijali, inakuja, aligeukia ukutani. Siku moja akaniambia, "Dada, iache. Zikeni hata ndoano yangu." Nikamgombeza. Nikamwambia ndoano ni yake, baba hakuvua samaki hata mmoja. Nikamwambia, na Mama akisikia, kwamba kila fedha ina mwaka wake na mwenyewe wake, huwezi kuweka hii mahali pa ile, nimewafundisha watu wa Dar, sembuse wewe. Mama akaguna kwa kuridhika. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne alinisifu: "Huyu sasa anajua thamani ya vitu."

Jumapili ikafika. Filamu ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa usharika, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa. Mwongozaji alinikabidhi bahasha mlangoni, nikapapasa pembe zake, zote zipo. Nikashukuru Mungu, nikaitia kifuani. Mama hakuja. Alisema hana haja ya kutazama mume wake anaigizwa na mtu wa Temeke. Mdogo wangu ndiye aliyeng'ang'ania kuja. Binamu yetu alimleta kwa pikipiki, amemfunga kwa kanga kiunoni asidondoke, akakaa karibu nami kwenye benchi la mbele.

Nisiseme uongo, nilifurahia nusu saa ya kwanza. Noti ya dukani, ambayo hawakuibadilisha, ilipotokea, ukumbi ulilipuka. "Huyo rais alikuwa bado!" akapiga kelele mzee mmoja nyuma. "Amekuja mapema kununua sabuni!" akadakia mwingine. Askari wa adui alipotoa noti ya Kenya, watu walisimama. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama kuku naye alikuwa wa Nairobi. Mwongozaji alitazama viatu vyake. Mimi nilikaa wima kama mwenyekiti wa kamati. Niliwaambia au sikuwaambia?

Kisha lori. Kisha kibanja. Waliosimama wakaketi. Bwana wa Temeke akaingiza mkono mfukoni, na hapo ikaja ile picha ya karibu waliyoifuata Dar. Sarafu ya baba ikajaza shuka lote jeupe ukutani, kila pembe wazi, kila mkwaruzo. Watu wakapumua. "Hiyo ndiyo!" akasema yule mzee wa nyuma. "Hiyo hasa!" Wakapiga makofi. Bukoba nzima iliikubali.

Na mimi nikausoma mwaka.

Ni ugonjwa wa walimu wa hesabu, tukiona tarakimu tunazisoma. Zilikuwa kubwa kama mapapai. Elfu moja mia tisa na themanini. Nikazisoma tena. Baba aliondoka sabini na nane. Themanini vita vilikuwa vimekwisha, wenzake wamerudi, wamelewa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wamekwisha kuacha kuulizwa habari zake. Nilikuwa nimeishika sarafu ile kwa mikono yangu, nimempa mtu, nimelia nyuma ya mgomba, na sikuwa nimeigeuza hata mara moja. Noti za watu nilizikagua mpaka kwapani.

Niligeuka. Mdogo wangu hakuwa akitazama shuka. Alikuwa akinitazama mimi.

"Sukari," akaninong'oneza.

"Nini?"

"Nilinunua sukari ya magendo. Nusu kilo. Nikaila yote migombani kwa mkono."

Nikakumbuka. Wiki ile ile baba alipoondoka, mdogo wangu alitapika siku mbili. Mama aliliambia kanisa zima kwamba mtoto anaumwa kwa kumlilia baba yake. Waliombea. Mimi nilifokewa kwa sababu sikuwa nimetapika.

"Na kopo?" nikauliza. "Kopo lililia!"

"Kifungo. Cha koti la baba." Akakohoa kidogo. "Kifungo kilipotea nilipokwenda mwaloni, ufukoni kwa wavuvi kule Muleba, kubeba dagaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mshahara wa kwanza ulikuwa na shilingi tano moja ya pembe pembe, nikaitia humo. Sikujua kama zina miaka. Wewe ndiye ulisoma."

Jamani! Krismasi kumi na nne nilitumikia kahawa kwa wageni wanaolia kwa sababu ya kifungo na mshahara wa dagaa. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, kwenye benchi la usharika, mgonjwa amefungwa kanga, nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika na nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kilikuwa kinamuumiza mbavu, na mimi nikaanza kucheka naye, na yule bwana wa Temeke ukutani alikuwa anapanda lori. Watu wa benchi la nyuma wakasema masikini, wamemkumbuka baba yao.

Tulipotoka nje akanishika mkono. Hakuwa akicheka tena. "Ndiyo maana nilitaka waipoteze," akasema. "Sikutaka azikwe na uongo wangu. Sasa utamwambia Mama?"

Nilimwambia sijui. Na sikujua.

Jumanne kulikuwa na mawingu. Watu walijaa kibanjani kuliko nilivyotegemea kwa maziko ya shina. Baba mdogo alikuwa ameuvisha mgomba lubugo vizuri, akaufunga mahali pa kichwa na mahali pa miguu. Mchungaji wetu alikuja, lakini alisema wazi kwamba ataiombea familia, hatauombea mgomba, akasimama hatua tatu pembeni na mwavuli wake ili Mungu aone tofauti. Mdogo wangu hakukubali kuletewa kiti. Alisimama kwa fimbo mkabala na mimi, shimo katikati yetu, na upande wake wa kushoto ilikuwepo nafasi ambayo hakuna aliyeitazama.

Nikatoa bahasha, nikamkabidhi Mama sarafu. Akaipapasa pembe zote. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, mwanga aliuona lakini maandishi hapana. Nilidhani ataiweka tu. Badala yake akanirudishia.

"Watu wa Dar siwajui," akasema, na kila mtu akasikia. "Wasije wakawa wametubadilishia. Wewe ulisema kila fedha ina mwaka wake. Soma, mwana wange. Ni ya mwaka gani?"

Nikaishika. Mchungaji alikuwa amesogea, nadhani bila kukusudia, na alikuwa na macho mazuri. Nilimwona akiziona zile tarakimu. Kisha akafungua mwavuli, ingawa mvua haikuwa imeanza, akatazama juu kwenye kitambaa chake.

Mdogo wangu alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Hakutikisa kichwa, hakuniomba kitu. Alisubiri tu, kama alivyosubiri miaka yote kwamba siku moja mtu atafungua kopo na kugundua.

"Sabini na mbili, Mama," nikasema.

"Basi ni yenyewe," Mama akasema. Akainama, baba mdogo akamshika kiwiko, akaichomeka kifuani pa shina, ndani ya lubugo. Wakafukia.

Mdogo wangu alifuata kabla kahawa haijaiva. Tukamlaza pale kushoto, mtoto nyuma ya baba yake, mambo yakawa kwa utaratibu. Ile filamu inaonyeshwa bado mara mojamoja, na watu wakinikuta huniuliza mwalimu, kweli ilikuwa na makosa mangapi ya fedha? Nawahesabia: noti ya dukani, noti ya Kenya, noti za sandukuni, na mengine. Wakiniuliza, na ile shilingi tano ya baba je, nawaambia ile ni sahihi kabisa.